Chai Yenye Ladha kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeijua chai ya kawaida vizuri tu, ila sasa ameshika chai yenye harufu ya asumini, bergamoti, vanila au pichi na hajui aanzie wapi. Maswali yanaanzia ya msingi na kuishia ya pembeni. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, lifuate. Huko ndiko maelezo kamili yalipo.

## Kuijua

1. Chai yenye ladha ni nini hasa?

Ni majani ya chai, yaani ya mmea wa *Camellia sinensis*, yaliyoongezewa harufu ya kitu kingine: maua, matunda, viungo, mafuta ya maganda, hata moshi. Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na ulongi (oolong, iliyo katikati ya nyeusi na ya kijani) zote hutoka kwenye mmea huo mmoja. Kinachozitofautisha ni namna majani yanavyosindikwa baada ya kuchumwa.

Kwa hiyo ukiona pakiti imeandikwa "chai ya vanila", bado hujajua unakwenda kunywa nini. Tafuta chini ya jina hilo kuna majani gani. Hayo ndiyo yanayoamua joto la maji, muda wa kuloweka na kiasi cha kafeini. Vanila yenyewe haiamui chochote kati ya hivyo.

2. Harufu inaingiaje kwenye majani?

Jani kavu la chai hunyonya harufu upesi mno. Sifa hiyo ndiyo iliyowezesha chai yenye ladha kuwepo, na ndiyo hiyohiyo inayoharibu chai iliyowekwa ovyo (swali la 27).

Njia ya kale, na kwangu mimi iliyo nzuri kuliko zote, ni kulaza majani pamoja na maua. Chai ya asumini, ambayo mkoa wa Fujian nchini China unasifika kwayo, hutengenezwa hivyo. Matumba ya asumini huchumwa mchana yakiwa bado yamefumba. Usiku yanapofunguka na kuanza kunukia, huchanganywa na majani ya chai, na majani huvuta harufu saa hadi saa. Asubuhi maua huchekechwa yakatolewa, kisha majani hukaushwa tena kwa sababu yamevuta unyevu pamoja na harufu. Kwa chai ya daraja la juu kazi hiyo hurudiwa usiku kadhaa, kila mara kwa maua mapya. Ndiyo maana chai bora ya asumini inaweza isiwe na ua hata moja ndani yake. Yale maua makavu unayoyaona kwenye chai nyingine mara nyingi ni pambo. Harufu yake ilishakwisha.

Njia ya pili ni kunyunyizia mafuta ya harufu. Earl Grey ndiyo mfano unaojulikana zaidi: chai nyeusi yenye mafuta ya ganda la bergamoti, tunda jamii ya limau linalolimwa hasa Calabria, kusini mwa Italia. Jina linamkumbuka Charles Grey, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1830 hadi 1834. Chai nyingi za matunda zinazouzwa leo hutengenezwa kwa njia hii ya kunyunyizia.

Ya tatu ni kuchanganya majani na vitu vyenyewe vikiwa vikavu: mdalasini, iliki, tangawizi, karafuu, maganda ya chungwa, mnanaa. Ya nne ni moshi. Lapsang souchong, kutoka milima ya Wuyi hukohuko Fujian, hukaushwa kwa moshi wa kuni za msonobari, na anayeinusa mara ya kwanza huweza kudhani kuna kitu kinaungua.

3. "Chai" ya rozela, kamomili au matunda matupu nayo imo humu?

Kwa matumizi ya kila siku imo, ila haina majani ya chai, na kwa kawaida haina kafeini. Hivi ni vinywaji vya mimea. Rozela (wengine huiita choya) ni ganda jekundu linaloshika ua, kamomili ni ua, na rooibos ni jani la kichaka kinachoota milima ya Cederberg, Afrika Kusini.

Faida yake kwa anayeanza ni kwamba haviharibiki kirahisi. Unaweza kuviloweka kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5 hadi 10 bila kupata uchungu ule wa chai iliyokaa mno. Soma pakiti lakini: baadhi ya michanganyiko ya "matunda" ina chai nyeusi ndani.

4. Ladha asilia na ladha bandia zina tofauti gani kikombeni?

Ndogo kuliko pakiti inavyotaka uamini, lakini ipo. Maneno "ladha asilia" yanamaanisha kwamba kiini cha harufu kimetoka kwenye mmea au chanzo kingine cha asili. Hayamaanishi lazima kwamba kimetoka kwenye tunda lililochorwa. Katika Umoja wa Ulaya, kuandika "ladha asilia ya stroberi" kunahitaji angalau asilimia 95 ya kiini hicho iwe imetoka kwenye stroberi kweli. Yakiandikwa maneno "ladha asilia" peke yake, sharti hilo halipo.

Chukua vanila. Kemikali kuu inayoipa harufu, vanilini, ni ileile iwe imetoka kwenye ganda la mmea au maabara. Tofauti ni kwamba ganda lina viini vingine vingi vidogovidogo, na hivyo ndivyo vinavyoipa harufu yake kina. Ndiyo sababu vanila ya maabara hupiga pua kwa nguvu mara moja kisha ikatoweka, na ya ganda hukaa kinywani ikibadilikabadilika. Kiini cha maabara si sumu, ila usilipie bei ya ganda kwa kitu ambacho si ganda.

## Kuchagua ya kwanza

5. Nianze na ipi?

Anza na ile ambayo chini yake kuna chai unayoijua tayari. Kama umezoea chai nyeusi, chukua chai nyeusi yenye kiungo au yenye bergamoti. Utautambua mwili wa chai, yaani uzito wake kinywani, na kitakachokuwa kigeni ni harufu tu. Anayeanza na chai ya kijani yenye maua, wakati hajawahi kuonja ya kijani tupu, huwa na vitu viwili vigeni kwa mpigo, na asipoipenda hajui alichokikataa ni kipi.

Ninapomshauri mtu, humwelekeza kwanza kwenye viungo na machungwa, kisha maua, na matunda matamu kama pichi na stroberi baadaye. Wengi hushangaa, kwa kuwa matunda yanaonekana kuwa ndiyo rahisi. Sababu iko kwenye swali la 15. Za moshi ziache mpaka ulimi uzoee.

6. Vifuko au majani ya kuchota kwa kijiko?

Majani, ukiweza. Vifuko vingi hujazwa majani yaliyosagika karibu kuwa vumbi. Yanatoa rangi na uchungu haraka, na harufu yake hupotea mapema kwa sababu eneo linaloguswa na hewa ni kubwa. Majani makubwa hufunguka taratibu na hukupa nafasi ya kurekebisha.

Kama ulicho nacho ni kifuko, kitumie bila wasiwasi, ila punguza muda, na usikikamue kwa kijiko ukimaliza. Kilichobaki ndani ni sehemu yenye ukakasi mwingi kuliko yote.

7. Ninunue kiasi gani?

Kidogo kabisa kinachouzwa. Gramu 50 hutosha vikombe 25 hivi, na hiyo ni nafasi ya kutosha kuifahamu chai.

## Kutengeneza

8. Natengenezaje kikombe cha kwanza?

Kwa kikombe cha mililita 200 tumia gramu 2 za majani, yaani takribani kijiko kimoja cha chai. Majani makubwa na mepesi yanahitaji kijiko kilichojaa zaidi, yaliyosagika kidogo zaidi. Pasha kikombe au buli kwa maji moto kwanza, yamwage, weka majani, kisha mimina maji na ufunike.

Chai nyeusi inataka maji yaliyotoka kuchemka, nyuzi 95 hadi 100, kwa dakika 3 hadi 5. Chai ya kijani inataka nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika 2 hivi. Ulongi iko katikati, nyuzi 85 hadi 95, dakika 3. Chuja majani yote muda ukifika. Yakibaki ndani yanaendelea kutoa uchungu wakati wewe unakunywa.

Kikombe hiki cha kwanza kiwe bila maziwa wala sukari. Lengo ni kujua ulichonacho kabla ya kukibadilisha. Cha pili kifanye upendavyo.

9. Sina kipimajoto. Nitajuaje maji ni nyuzi 80?

Changanya sehemu tatu za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji ya kawaida yasiyopashwa. Unapata karibu nyuzi 80. Mimina maji ya kawaida kwenye majani kwanza, kisha yale ya moto, ili majani yasiunguzwe na maji ya mwanzo.

Joto lina uzito huu kwa sababu viini vinavyoipa chai ya kijani uchungu na ukakasi huyeyuka kwa wingi maji yanapokuwa moto sana, ilhali vile vinavyoipa ladha laini huyeyuka hata kwenye maji ya uvuguvugu. Watu wengi wanaosema hawapendi chai ya asumini waliionja ikiwa imemiminiwa maji yanayotokota.

10. Kwa nini nifunike kikombe?

Kwa sababu harufu ndiyo uliyoinunua, na ndiyo inayoruka na mvuke. Jaribu hili: funika kikombe kwa kisahani wakati majani yanalowa, kisha kiinue kisahani taratibu na ukigeuze. Chini yake kutakuwa na matone madogo ya mvuke uliopoa. Yanuse. Kwenye chai ya bergamoti matone hayo hunukia ganda lililotoka kumenywa sasa hivi, kuliko hata chai yenyewe. Yote hayo yangekuwa yamepotelea hewani. Yarudishe kikombeni kwa kukiinamisha kisahani juu yake.

11. Naweza kuichemsha kwenye sufuria?

Inategemea harufu iliingiaje (swali la 2). Chai yenye vipande vya viungo vigumu, mdalasini, iliki, tangawizi kavu, karafuu, hufaidika na moto. Viungo hivyo huachia ladha polepole na dakika kadhaa za kuchemka huvifungua. Njia iliyo bora ni kuvitangulizia viungo kwenye maji, kisha majani yakaingia mwishoni.

Chai iliyonyunyiziwa mafuta ya harufu, au iliyolazwa na maua, usiichemshe kamwe. Nyumba itanukia vizuri sana, na kikombe kitabaki na chai ya kawaida iliyokolea mno.

12. Maziwa yanakubali?

Yanakubali kwenye chai nyeusi yenye viungo, vanila, karameli au kakao. Kwenye bergamoti ni hiari ya mtu. Kwenye chai ya kijani na ya maua yanafunika kila kitu, kwa hiyo unakuwa umelipia harufu usiyoipata.

Kwenye rozela na michanganyiko mikali ya matunda usijaribu. Asidi yake hugandisha protini ya maziwa na kikombe hujaa mabonge. Hali hiyohiyo hutokea ukitia limau na maziwa pamoja.

13. Na sukari au asali?

Sukari kidogo huinua harufu ya matunda kuliko unavyotarajia. Chembe chache, pungufu ya robo kijiko, zinaweza kuifanya chai ya pichi iwe pichi kweli. Ongeza kidogokidogo huku ukionja. Asali ina harufu yake yenyewe, hivyo inapatana na viungo na limau, na hugombana na maua.

14. Naweza kuinywa ikiwa baridi?

Unaweza, na kwa chai za matunda ndivyo ninavyozipenda zaidi. Usiitengeneze moto ukaipoza. Weka gramu 8 hadi 10 za majani kwenye lita moja ya maji baridi safi ya kunywa, funika, acha kwenye jokofu saa 6 hadi 12, kisha chuja. Inatoka laini, karibu bila uchungu, na harufu yake imekaa kwa sababu hakuna mvuke ulioibeba. Imalize ndani ya siku moja au mbili.

## Kuonja

15. Inanukia vizuri ajabu, lakini kinywani ni kama maji. Nimeibiwa?

Hapana. Hili ndilo linalowavunja moyo wengi kuliko yote, na chanzo chake ni namna mwili unavyoonja. Ulimi unatambua vitu vichache tu: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ule unono unaoitwa umami. Pichi, waridi, vanila, mdalasini, vyote hivyo vinatambuliwa na pua, kwa hewa inayopanda kutoka nyuma ya kinywa. Bana pua, piga funda moja, umeze, kisha iachie. Wakati pua imebanwa utapata ujoto na uchungu kidogo. Ukiiachia tu, harufu inafunguka yote kwa mara moja.

Sasa fikiria chai ya pichi. Pua inasema "tunda bivu", na ubongo, uliolizoea tunda hilo likiwa na sukari, unasubiri utamu. Ulimi haupati sukari yoyote. Pengo hilo ndilo unaloliita "maji". Kwa viungo na bergamoti pengo ni dogo, kwa sababu hakuna anayetarajia mdalasini mtupu uwe mtamu. Ndiyo sababu ya ushauri wa swali la 5.

La kufanya: ongeza majani badala ya muda, kwa kuwa muda unaongeza uchungu zaidi ya harufu. Acha kikombe kipoe kidogo. Vuta funda pamoja na hewa, meza, funga mdomo na utoe pumzi kwa puani polepole. Bado ikiwa nyepesi, tia chembe za sukari (swali la 13).

16. Imekuwa chungu, inakausha ulimi.

Kule kukausha ndiko kunakoitwa ukakasi, na unatokana na tanini za majani, si kiungo kilichoongezwa. Punguza muda kwanza. Kama ni ya kijani, punguza na joto. Ikibaki vilevile kwa dakika mbili na maji sahihi, tatizo ni jani lenyewe: watengenezaji wengine huficha majani dhaifu chini ya harufu kali, na hapo hakuna ufundi wa mnywaji utakaoyaokoa.

17. Inanukia kama sabuni au manukato ya kujipaka.

Bergamoti, waridi na lavenda vimetumika kwenye sabuni na manukato kwa muda mrefu, na wengi wetu tulivijua huko kabla ya kuvikuta kikombeni. Kumbukumbu hiyo hufifia kwa vikombe vichache. Tengeneza nyepesi, kwa nusu ya majani ya harufu na nusu ya chai nyeusi ya kawaida. Ikiwa hata hivyo harufu inakwaruza koo, basi mafuta yamezidishwa kiwandani.

18. Nimeonja na sikuipenda. Niache?

Usiihukumu kwa kikombe kimoja. Badili kitu kimoja kila mara: leo muda, kesho kiasi, kesho kutwa maziwa au baridi. Ukibadili vyote kwa pamoja hutajua kilichosaidia. Baada ya hapo, kama bado haikupendezi, mpe anayeipenda. Mtu anaweza kupenda viungo maisha yake yote na asipende maua, na hakuna upungufu wowote katika hilo.

19. Majani yanafaa kwa mara ya pili?

Ulongi na chai ya asumini iliyolazwa na maua, ndiyo. Kikombe cha pili huwa kitulivu zaidi na wengine hukipenda kuliko cha kwanza. Chai iliyonyunyiziwa mafuta hutoa karibu harufu yote mwanzoni. Ukirudia, fanya papo hapo. Majani yaliyolowa yakikaa saa nyingi yanaweza kuota vijidudu.

20. Kuna utando juu ya chai. Ni mafuta ya ladha?

Mara nyingi ni maji magumu. Madini ya kalisi kwenye maji hukutana na viini vya chai na kufanya utando mwembamba unaopasukapasuka. Hauna madhara, ila unaonyesha maji hayo pia yanazima harufu. Maji yaliyochujwa yatabadilisha kikombe chako kuliko kununua chai ya gharama zaidi, na tone la limau huuondoa utando.

## Afya

21. Ina kafeini kiasi gani?

Sawa na majani yaliyo chini yake. Kikombe cha mililita 240 cha chai nyeusi huwa na takribani miligramu 40 hadi 50, cha kijani karibu 30, na kahawa ya kawaida karibu 95. Namba hizi hupanda na kushuka kulingana na majani na muda. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba miligramu 400 kwa siku hazileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya.

Ule ushauri wa kumwaga maji ya sekunde 30 za kwanza ili kuondoa kafeini haufanyi kazi. Unaondoa sehemu ndogo ya kafeini, na unamwaga harufu nzuri kuliko yote. Anayetaka kuikwepa kabisa anywe rooibos au mimea ya swali la 3. Chai iliyoondolewa kafeini bado hubaki na kidogo.

22. Mjamzito na mtoto je?

Kwa mjamzito, mamlaka hiyohiyo inataja miligramu 200 kwa siku kutoka vyanzo vyote, kahawa, soda na chokoleti zikiwemo. Mimea isiyo na kafeini si salama moja kwa moja kwa kuwa tu ni mimea. Muulize mkunga au daktari kabla ya kunywa yoyote kila siku. Mtoto mdogo hahitaji kafeini, na hilo halibadiliki kwa sababu chai inanukia stroberi.

23. Inagongana na dawa?

Baadhi, ndiyo. Mzizi wa urukususu (licorice), unaotiwa kwenye michanganyiko mingi ili kuipa utamu bila sukari, unaweza kupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu ukinywewa kwa wingi. Mwenye shinikizo autafute kwenye orodha ya viambato. Rozela, kinyume chake, inaweza kushusha shinikizo, kwa hiyo anayetumia dawa za kazi hiyo amweleze daktari. Kamomili ikae mbali na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mpaka aulize, na pia na mwenye mzio wa maua jamii ya alizeti na deizi.

Hata bergamoti ina mpaka wake. Mwaka 2002 jarida la *The Lancet* lilichapisha taarifa ya mwanamume aliyekuwa akinywa hadi lita 4 za Earl Grey kwa siku na akapatwa na mikazo ya misuli, iliyoondoka alipoacha chai hiyo akarudia chai isiyo na bergamoti. Vikombe viwili au vitatu haviko karibu na kiasi hicho.

24. Niinywe na chakula?

Kama una upungufu wa damu, iache saa moja kabla na saa moja baada ya mlo. Viini vya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale yatokanayo na mimea kama maharagwe na mboga za majani. Harufu iliyoongezwa haibadilishi hili.

25. Inywewe ikiwa moto kiasi gani?

Chini ya nyuzi 65. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya hapo kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa ushahidi wa saratani ya umio, yaani mrija wa chakula. Na ulimi uliobabuka hauonji kitu siku nzima.

## Kuhifadhi na mambo ya pembeni

26. Inakaa muda gani?

Chai haiozi ikiwa kavu, lakini harufu inakimbia. Za mafuta ya matunda zinywe ndani ya miezi 6 hadi 12 tangu kufunguliwa. Za viungo vizima hudumu zaidi. Kipimo ni pua: fungua kopo, na kama hunusi kitu kabla ya kuinamisha uso, muda umekwisha.

27. Naweza kuiweka kabati moja na chai nyingine?

Ndiyo, ila kila moja kwenye kopo lake linaloziba barabara, lisilopitisha mwanga. Pakiti ya karatasi haitoshi. Chai ya mdalasini iliyo wazi kando ya chai ya kijani tupu itakupa chai mbili za mdalasini, na hakuna njia ya kuirudisha. Usiiweke karibu na kahawa, vitunguu wala sabuni.

28. Buli langu linanukia bergamoti kila siku.

Vyombo vya udongo visivyopakwa glezi (ule utando wa kung'aa kama kioo) na vya plastiki hushika harufu. Kwa chai hizi tumia kioo, kauri au chuma cha pua. Plastiki ya mfuniko ndiyo mkosaji mkubwa. Iloweke usiku kucha kwenye maji moto yenye magadi soda, kisha suuza na uanike ikiwa wazi.

29. Naweza kutengeneza yangu nyumbani?

Unaweza, kwa kanuni moja: kila kinachoingia kiwe kikavu kabisa. Ganda bichi la chungwa au tangawizi mbichi ndani ya kopo huleta ukungu. Kausha maganda mpaka yavunjike kwa vidole, ondoa ile sehemu nyeupe kwa kuwa ni chungu, kisha changanya na chai nyeusi. Kwa vanila, pasua ganda lake, likate vipande na ulifukie kwenye gramu 100 za chai nyeusi wiki mbili hivi, ukitikisa kopo kila baada ya siku kadhaa. Iliki na karafuu zipondwe kidogo, zisisagwe. Unga hupita kwenye chujio. Karafuu iwe chache mno, punje mbili kwa gramu 50, kwa sababu inameza harufu nyingine zote.

30. Nina mafua. Nifungue chai yangu mpya?

Subiri. Pua iliyoziba inakuachia uchungu na joto tu, kama ulivyojionea kwenye jaribio la swali la 15. Kwa siku hizo kunywa tangawizi au mnanaa: ule mwasho na ubaridi wake husikika hata pua ikiwa imeziba, kwa kuwa haupiti kwenye njia ya kunusa. Kopo jipya liache na kizibo chake mpaka uweze kunusa tena.